Khocha, jua lilikuwa limekosa mtu wa kumulikia

Mulembe khocha, mjomba wangu,

Nimeona nikuandikie hapa wazi kwa sababu kwa grupu ya familia mazungumzo yalifungwa kabla hayajaanza. Uliuliza swali moja tu, kama Mungu ametosheka na hakosi kitu, alituumbia nini, kwani aliboeka? Kabla mtu ajibu mama mdogo akatuma ile mikono ya maombi, mwingine akaandika "shindwe", alafu ujumbe wa mchango wa harusi ukaingia hapo juu na swali likapotelea huko. Mimi sikuona matusi kwa hilo swali. Mwalimu aliyestaafu akiuliza kitu mnajibu, hamwambii aokoke.

Jibu lenye tulikaririshwa sote tukiwa wadogo ni kwamba alituumba kwa utukufu wake, na iko kwa Biblia, Isaya 43:7, sipingi. Shida ni sisi tumekulia kwa mikutano ya wanasiasa, mheshimiwa hawezi akapanda jukwaani bila kuimbiwa kwanza, so tukisikia Mungu anataka utukufu tunamchora na yeye ameketi huko juu anangoja makofi. Mungu wa hivyo kusema ukweli ningemwogopa lakini kumpenda ni ngumu. Na si Biblia inayomchora hivyo. Soma Zaburi ya 50 polepole, karibu inachekesha, Mungu anawaambia watu wa sadaka kwamba hata kama angekuwa na njaa si wao angewaambia, maana wanyama wote wa msituni na ng'ombe wa milimani ni wake tayari. Paulo naye akiwa Athene akasema vilevile, Matendo 17:25, kwamba hatumikiwi kwa mikono ya watu kana kwamba anahitaji kitu.

Kuna wale pia wa kusema alikuwa mpweke akataka kampani. Hii huwa naisikia sana kwa krusedi huku Kisumu, mhubiri anapunguza sauti, kinanda kinalia polepole, watu wanaanza kutoa machozi. Mimi siikubali hata kidogo. Yesu kwa Yohana 17 anasema Baba alimpenda kabla ulimwengu haujawekwa msingi, sasa upweke ulitoka wapi?

Ndio uone kumwaza Mungu mwenye hana shida na sisi si jambo dogo, ebu sikia vile watu wa Babeli walisimulia, hadithi ya zaidi ya miaka 3,500 iliyopatikana kwa vibao vya udongo. Miungu wadogo walikuwa wanachimba mifereji, kazi ikawachosha, wakachoma majembe yao na vikapu wakaenda kuzingira nyumba ya mkubwa wao usiku. Yaani mgomo kabisa. Suluhisho likawa kuchinja mungu mmoja, damu na nyama yake ichanganywe na udongo, atoke binadamu wa kubeba hiyo kazi. Alafu binadamu wakazaana, wakawa na kelele, mkubwa wa miungu akakosa usingizi, akawatumia ugonjwa, akawatumia njaa, mwisho gharika. Sasa hapo ndio uko na jibu safi la swali lako bila kuzungukazunguka, tuliumbwa kwa sababu kulikuwa na uhaba wa vibarua. Ukitoka hapo uende Mwanzo sura ya kwanza unaona kitu kimegeuka. Ni kweli sura ya pili Adamu anapewa kazi ya kulima na kutunza bustani, lakini bustani ilipandwa na Mungu mwenyewe, chakula kinatoka kwa Mungu kuenda kwa mtu, na kwa vile mtu aliumbwa siku ya sita, siku yake ya kwanza nzima hapa duniani ilikuwa ya kupumzika. Aliripoti kazini akapata ni off.

Nilimwonyesha jirani yangu swali lako, ni mtu wa Mumias, wale waislamu wa tangu enzi ya Nabongo Mumia, mfalme wa Wanga, nikidhani atanipatia ile aya ya Kurani 51:56 kwamba majini na watu waliumbwa ili wamwabudu Mungu na tutakuwa tumerudi palepale. Kweli akaanza nayo. Alafu akaniambia watu huishia hapo na hawasomi inayofuata, yenye Mungu anasema hataki riziki kutoka kwao wala hataki wamlishe. Nikacheka, nikamwambia hiyo ni Zaburi ya 50. Akanikumbusha pia vile malaika waliuliza Mungu alipowaambia ataweka khalifa duniani, wakamwambia unaweka huko mtu wa kuharibu na kumwaga damu? Wakajibiwa tu kwamba Mungu anajua wasiyoyajua. Kwa hivyo khocha usijione mkaidi, hilo swali lako liliulizwa na malaika na hawakutolewa kwa grupu.

Sasa wacha nifike kwenye nilitaka kufika. Hii hadithi ya wazee wetu wa Bukusu unaijua kuniliko, ilifika hadi kwa maandishi ya yule Mjerumani Günter Wagner aliyezunguka huku miaka ya 1930 akiandika mila. Wele Khakaba, yaani Mungu muumba, anaumba mbingu kwanza, anaweka jua na mwezi, hao wawili wanapigana mieleka, mwezi akiwa ndiye mkubwa, wanaangushana mpaka jua linamrushia mwenzake matope ndio maana mwezi hauwaki sana, Wele anaingilia kati, jua limulike mchana na mwezi usiku. Alafu ndio anaumba mtu. Na sababu inayotolewa ni moja tu, ili jua liwe na mtu wa kumulikia. Mwambu, mwanamume wa kwanza, alafu Sela, mwanamke wa kwanza. Basi. Hakuna mifereji ya kuchimba, hakuna mtu wa kupigia mwingine makofi. Kulikuwa na mwanga tayari na ikaonekana ni hasara uwake bila mtu wa kuuona.

Hii mimi nimeichagua na sioni aibu kuiweka karibu na Mwanzo. Wewe mwenyewe jioni ukitoa litungu, hicho kinubi chetu cha nyuzi, hapo nje ya jikoni, unakaza uzi mmoja, unaweka sikio, unalegeza, unakaza tena, hakuna mtu amekulipa na hakuna kitu umekosa, umekula umeshiba. Lakini hujawahi kupiga wimbo wote peke yako. Lazima uite watoto, "kujeni hapa musikie hii". Hao watoto hawaongezi kitu kwa litungu, wengine hata wanaharibu mdundo kwa kupiga makofi ovyo, na bado unawaita. Ndivyo naelewa kuumbwa, na hata huo utukufu wa Isaya naweza kuusoma hivyo bila kukunja uso.

Lakini wacha nijipinge mwenyewe kidogo kabla hujanipinga. Ukisoma Ayubu 38, Mungu anajisifia mvua anayoinyeshea nchi isiyo na watu. Hakuna Mwambu huko, hakuna shamba, mvua inanyesha tu. Na nikienda Dunga kununua samaki naona vile fulu, wale samaki wadogo wa ziwani, wanamwagwa kwa karai, vidogo hivi, dume akiwa ametoka tu majini ana bluu ubavuni na wekundu kwa mapezi, alafu ukigeuka kulipa rangi imefifia amekuwa kijivu kama wenzake. Hili Ziwa Victoria lilikuwa na aina mamia ya hao fulu, wengine huko chini ambako macho ya mtu hayafiki. Nani alikuwa anapakiwa hizo rangi? Kwa hivyo ile ya kusema kila kitu kiliumbwa kwa ajili yetu pia siimezi yote, naona tulialikwa kwa kitu kikubwa chenye kilikuwa kinaendelea. Na malaika walikuwa na pointi, maana miaka ya 1950 watu waliweka mbuta, yule sangara mkubwa anayekula samaki wengine, humo ziwani na fulu wa aina nyingi wakaisha. Leo mbuta ndiye anauzwa hadi ng'ambo na fulu wengine hawataonekana tena.

Najua lakini, khocha, hukuanza kuuliza kwa sababu ya vibao vya Babeli. Ulianza baada ya kuzika mjukuu. Ile siku kila mtu alikuwa anakwambia Mungu alimpenda zaidi, na nilikuona venye uliangalia chini. Hapo jibu langu la jua na litungu halifiki na sitalisukuma lifike. Mtoto wa miaka miwili na malaria, hakuna mtu ataniambia hiyo ni furaha ya Mungu imemwagika. Ayubu alifiwa na watoto wake, akamuuliza Mungu, akajibiwa kwa mambo ya mbuni na punda mwitu, na mimi sioni kama alielezwa. Kitu kimoja tu hunisaidia, mwishoni Mungu anawaambia wale marafiki wenye walikuwa na majibu yote kwamba hawakusema ukweli kumhusu kama Ayubu, na Ayubu ndiye alikuwa anapiga kelele.

Ukaniuliza pia kwa inboksi, kama hahitaji kitu basi kuomba ni kwa nini. Mimi nimeacha kuomba kama mtu anayepeleka ripoti. Siku zingine naongea tu, siku zingine nanyamaza, na kama ni kulalamika nalalamika, na sijaona nikifukuzwa.

Mwambie mama mdogo asikasirike, na kama bado anataka uokoke mpe Zaburi ya 50 asome kwanza. Pasaka nakuja na samaki. Na kuna ile sehemu nyingine ya hadithi, ati mwezi uliachiwa usiku umulikie wachawi na wezi, hiyo nataka unielezee vizuri, kwa sababu huku Kondele wezi wanakuja saa sita mchana.