Wimbo wa Dunguni: Salamu za Krismasi na Mwaka Mpya

Ndugu, jamaa na majirani zangu wa Tana Delta, mlioko Garsen, Ngao, Ozi na Kipini, na nyinyi mliotawanyika Mombasa na Nairobi kutafuta unga, hamjambo? Krismasi njema. Na ndugu zangu Waorma, majirani zetu wafugaji, ingawa sikukuu hii si yenu, pilau mwaijua njia yake.

Nilipanga kuandika mistari miwili tu na picha ya mshumaa, kama mwaka jana. Sikukuu ya Jamhuri ndiyo iliyonivuruga. Tarehe 12 tulikuwa tumekaa mbele ya televisheni, shangazi kampakata mjukuu wake wa miaka mitano. Bendi ilipoanza Wimbo wa Taifa watoto wakubwa wakasimama wima. Shangazi hakusimama. Alianza kuyumba taratibu, mkono mgongoni mwa mtoto, akiimba kwa sauti ya chini maneno yake ya Kipokomo, lugha yetu ya kando ya Mto Tana. Mtoto akamtazama. "Bibi, unakosea maneno."

"Waliokosea ni wao," shangazi akajibu, akaendelea kuimba.

Tulicheka mpaka hotuba ya kwanza ikatupita. Lakini bibi wa watu ana haki yake. Mwaka 1963, uhuru ukikaribia, kamati ya wanamuziki, wakiwemo Graham Hyslop na George Senoga-Zake, ilipewa kazi ya kututungia wimbo wa taifa. Sauti waliyoichagua ni ya bembelezi ya Wapokomo, na jina linalotajwa nayo ni la Mzee Meza Galana. Kwa hiyo kinachoinua nchi nzima kwenye viti ni wimbo uliotungwa kulaza mtoto. Bendi ya jeshi imeuvisha buti tu.

Mimi niliusikia dunguni kabla ya kuusikia shuleni. Nyanya alikuwa analinda mpunga. Kweleakwelea wakitua mara moja wamemaliza kazi ya miezi, basi kutwa nzima yuko juu ya dungu na kombeo lake, madongo ya udongo mkavu yamepangwa kwenye ungo, na mjukuu kafungwa mgongoni kwa leso. Anarusha dongo, anapiga ukelele, ndege wanainuka kama moshi, mtoto anashtuka na kulia, nyanya anarudi kwenye wimbo pale pale alipouachia. Dongo, ukelele, wimbo. Hadi leo nikisikia ule ubeti wa kwanza nasubiri ukelele.

Mpunga ule ulifuata mafuriko. Mto ulikuwa unafurika mara mbili kwa mwaka, mvua za masika na za vuli zikinyesha huko juu, unamwaga rutuba mashambani, unajaza maziwa ya samaki, kisha unajirudia zake. Ng'ombe wa Waorma nao walishuka kiangazi kikibana, wakipita kwenye malka, njia zao za kushukia mtoni, kuyafuata maji na majani. Kisha yakaja mabwawa ya umeme kule Seven Forks, juu ya mto huuhuu, Kindaruma mwaka 1968 hadi Masinga 1981 na Kiambere 1988, na mto ukaanza kufuata ratiba ya watu wengine. Siku hizi maji yakija huja kwa hasira au hayaji kabisa. Kule Ozi, maji ya mto yakipungua nguvu bahari inapanda nayo, na chumvi imekausha miembe iliyopandwa na babu zetu.

Mwaka 2012 delta yetu, hekta 163,600, iliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu duniani. Mwaka uleule, sisi Wapokomo wakulima na ndugu zetu Waorma, tukauana kwa ajili ya maji na malisho, zaidi ya watu 100, na Krismasi ile kuna vijiji ambavyo havikuwasha moto. Sitaki kuyarudia. Nasema tu kwamba wakati sisi tunachinjana, mipango ya mashamba makubwa ya miwa na ya mazao ya mafuta ilikuwa mezani, na wenye mipango hawakuwa wanalala nje. Februari 2013 Mahakama Kuu iliamua kwamba mpango wa ardhi ya delta utengenezwe pamoja na wakazi wake. Hiyo kwangu ilikuwa sikukuu, tena bila pilau.

Iko sauti nyingine iliyotutoka, ila hii haikuombwa. Ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo, ilichukuliwa na wakoloni mwanzoni mwa karne ya 20, na tangu 1908 imo mikononi mwa Jumba la Makumbusho la Uingereza, London. Ngoma imewekwa stoo! Wazee wameidai na wanaendelea kuidai. Mara nyingine nawaza jinsi itakavyolia ikirudi, kama ngozi bado inakumbuka unyevu wa kwetu.

Basi, ombi langu la msimu huu ni dogo. Ukienda nyumbani, mkute mzee wako mapema, kabla ya soda na wageni, umwambie akuimbie ile bembelezi yote. Mrekodi kwa simu. Muulize aliimbiwa wapi, shamba lilikuwa upande gani wa mto, na maji yalikuwa yanafika mti gani. Shangazi kanipa beti mbili, ya tatu imempotea. Anasema dada yake kule Ngao anayo, ila huyo dada haimbi mpaka apelekewe kahawa na haluwa.

Nimeshanunua haluwa. Tarehe 23 napanda basi la Garsen. Mwaka mpya uwakute wazima, mvua ije kwa kiasi, na anayetaka embe, ngowe au boribo, aseme sasa, kwa maana gunia nitakalorudi nalo ni moja.