Kikao cha Jumamosi: bei za picha zetu
Habari za jioni dada zangu. Jumamosi tukutane saa nne asubuhi, palepale barazani. Kila mmoja aje na picha ya kazi aliyouza karibuni, hata ikiwa kwenye simu, pamoja na risiti za rangi.

Juzi nilikaa na mwenzetu mmoja tukapiga hesabu ya picha yake ya tembo aliyouza elfu 30. Kitambaa, rangi za kopo, brashi, nauli ya Kariakoo kwenda na kurudi. Ikabaki elfu 6, na alichora siku tatu! Alinyamaza kimya, akawa anafuta vidole vyenye rangi kwenye kanga. Iliniuma sana.

Mzee Tingatinga, mchoraji aliyeanzisha mtindo huu wetu wa picha, alianza mwaka 1968 na rangi za baiskeli; leo mtindo huo unajulikana duniani, nasi wanawake tunauza kwa bei ya kutupa. Tupange bei ya kikundi ambayo hatutashuka chini yake, asiyumbishwe mtu na dalali. Na tafadhali, msianze oda bila advansi ya nusu.

Kuhusu kusajili kazi COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, tutaongea hapohapo. Wenye watoto waje nao, mikeka ipo.