Mama, usinunue resho mpya

Liège, Ubelgiji

Mama yangu mpendwa, na wewe mdogo wangu Bahati,

Salamu nyingi. Mimi niko salama, baridi imeanza lakini kazi inaendelea. Nimefurahi sana kusikia goti la Mama limepata nafuu.

Sasa habari ya resho, lile jiko letu la umeme. Mama, tafadhali usitoe pesa kwanza. Aliyekuambia resho imekufa hakuipima. Bahati aliipima, na namba zake zinasema ni nzima.

Bahati, kaa na Mama mpitie hesabu hii pamoja. Ulisema resho ikiwa inawaka, kwenye kompteri, ile mita ya umeme, unapata volti 190, na kwenye prizi, yaani soketi ya resho, volti 165, huku koleo la kupimia likionyesha ampea 3.4. Gawanya 165 kwa 3.4, unapata omu 48.5. Huo ndio ukinzani wa resho, yaani jinsi inavyouzuia umeme kupita. Kibandiko cha chini kinasema wati 1000, volti 220. Wati ni volti mara ampea, kwa hiyo ilipotoka dukani ilipaswa kuvuta 1000 gawanya kwa 220, yaani ampea 4.55. Na 220 gawanya kwa 4.55 ni omu 48.4. Hakuna kilichobadilika.

Kilichopungua ni umeme unaoifikia. Volti 165 mara ampea 3.4 ni wati 561. Angalia vizuri hapo: volti zimeshuka robo tu, lakini nguvu imeshuka karibu nusu, kwa sababu volti zikishuka, ampea nazo zinashuka. Ndiyo maana maharagi yanachelewa kuiva hadi watoto wanalala.

Volti 30 za kwanza, kutoka 220 hadi 190, zinapotelea nje, kabla ya kompteri. Jioni mtaa mzima unapika, na hapo sisi hatuna la kufanya. Inaniuma kila nikifikiria, maana mto Ruzizi unatoka ziwani hapo hapo Bukavu, na mitambo ya umeme iko juu yake. Lakini zile 25 zinazopotea kati ya kompteri na resho ni zetu.

Gawanya 25 kwa 3.4: omu 7.35. Ralonji yenu, ule waya wa kurefusha umeme, ina mita 30, waya wa shaba wa milimita 1.5 mraba. Kwenda na kurudi ni mita 60. Shaba ya milimita 1 mraba ina omu 0.017 kwa kila mita, kwa hiyo 0.017 mara 60, gawanya kwa 1.5, waya wote ungekuwa na omu 0.7 hivi. Zilizobaki, omu 6.65, zimejificha mahali, na nadhani ni kile kifundo cha nyuma ya kabati, pale waya ulipounganishwa na kufungwa kwa sasheti ya plastiki, pale ulipoona ubao umeanza kuwa mweusi. Ampea 3.4 mara 3.4 mara 6.65 ni wati 77. Ni kama balbu ya zamani ya wati 75, ile isiyoshikika kwa mkono, mmeifunga ndani ya sasheti na kuiegemeza kwenye mbao. Hapo mtaani kwetu Kadutu nyumba zinagusana. Mama, hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Na kuongeza resho ya pili kwenye ralonji hiyo hiyo, hapana kabisa. Resho mbili pamoja zina omu 24.2. Ongeza 7.35, halafu ugawanye 190 kwa jumla hiyo: ampea 6. Kila resho itapata wati 438 tu, chini ya zile za sasa, na kifundo kitapata 240. Vyungu viwili vitachelewa na ukuta utawaka.

Bahati, zima dijonkta kuu, ile swichi ya umeme wa nyumba nzima, hakikisha kwa kipimo kwamba prizi imekufa, kisha kata kifundo hadi ufikie shaba safi inayong'aa. Unganisha kwa domino, kile kiunganishi cha skrubu, ndani ya kisanduku, ukaze skrubu sawasawa. Usitegemee kupima omu wakati umeme umezimwa: kifundo kibovu kikipoa kinaweza kujionyesha kizuri. Kinajulikana kikiwa na mzigo, kwa tofauti ya volti, kama ulivyofanya. Na waya za kipimo zikiwa kwenye tundu la ampea, usiziingize kwenye prizi kamwe, hiyo ni shoti.

Ulisema hesabu hizi ni za mtihani tu. Ohm mwenyewe, ambaye omu imepewa jina lake, alikuwa mwalimu wa shule Köln, Ujerumani, si mbali na hapa. Alikuwa akibadilisha waya, mfupi kwa mrefu, na kupima jinsi mkondo unavyopungua. Kitabu chake kilitoka mwaka 1827. Wewe umeifanya kazi hiyo hiyo jikoni kwa Mama, na umeifanya vizuri.

Kifundo kikiisha, zinabaki omu 48.4 za resho na 0.7 za waya, na 190 gawanya kwa 49.1 ni ampea 3.87, na resho itapata wati 725 badala ya 561. Mpaka siku hiyo Mama apike kwenye mbabula, lile jiko la makaa; pesa ya makaa nitatuma.

Ukimaliza, washa resho jioni ile saa mbaya, pima pande zote mbili, unitumie namba. Zikipishana zaidi ya volti 3 hivi, kuna kifundo kingine kwenye njia, tutakitafuta pamoja kwa simu.

Nisalimieni Furaha na watoto, na majirani wote wa chini.

Yaya wenu