Dada muuguzi uliyeshika rula

Mwanangu alikuwa na madoa ya rangi ya kahawa tangu uchanga. Kila mtu alisema ni alama za kuzaliwa tu. Wewe, siku ile ya chanjo, ulichukua rula. Ukahesabu 9, yote yakizidi milimita 5, ukanieleza kwamba yakifika 6 mtoto achunguzwe nyurofibromatosisi aina ya 1, ugonjwa wa vinasaba unaootesha uvimbe kwenye neva na vinundu kwenye ngozi. Kisha ukaniomba nikunje mikono ya blauzi. Vile vinundu laini, ambavyo miaka yote niliviita chunusi sugu! Ukanichorea nyuma ya bahasha jinsi mzazi anavyorithisha: kila mimba, nusu kwa nusu. Ukatuandikia rufaa ya macho kwanza, maana uvimbe huweza kuota kwenye neva ya jicho.

Asante, dada. Jina sikuuliza. Wazazi wenzangu, mkiwaogesha watoto, hesabuni.