Kwa mwanangu aliye Kinango: dawa za Babu zisikatwe

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Huku sote wazima, ila maneno yako ya kwenye simu yamenikosesha usingizi. Umesema Babu ameacha vidonge vya presha kwa kuwa anashinda shambani, anakula mchicha, hana mashaka ya mjini, nawe ukaona ana haki. Nakusihi, babangu, usimwachie.

Ni kweli sisi wa Mombasa tunajiharibu. Asubuhi mahamri, jioni viazi karai na chipsi, na hata hapo Makadara mtu apanda tuktuk. Watafiti waliofuatilia watu zaidi ya 150,000 katika nchi 17, Zimbabwe ikiwemo, waliliona hilo: wa mijini ndio wenye mengi ya kuudhuru moyo. Lakini matokeo yao ya 2014 yalinitia simanzi. Mshtuko wa moyo, kiharusi na mengine ya aina hiyo yaliwapata zaidi watu wa vijijini. Na katika kila 100 waliopatwa, vijijini walikufa kama 17, mijini kama 14.

Presha haiumi. Babu anaweza kulima tangu alfajiri na kipimo kisome 180 kwa 110, asihisi kitu, huku moyo unasukuma kwa nguvu mpaka kuta zake zinakuwa nene. Mtu wa huku akiishiwa na vidonge, duka la dawa liko hapo barabarani. Huko zahanati ikikosa, ni nauli ya boda boda kwenda na kurudi, na mzee huona afadhali pesa hiyo anunue unga. Namwelewa sana. Kwa hiyo nitakuwa nikivituma na matatu, wewe uvipokee stejini. Lakini asirudie kumeza kwa kubahatisha. Mpeleke kwanza apimwe.

Halafu kuna shida ya njia ya kufika hospitali. Damu ikiganda kwenye mshipa wa moyo, nyama ya moyo huanza kufa muda si muda. Ipo dawa ya kuyeyusha lile donge, nayo hufaa zaidi saa za mwanzo. Zikishapita 12, faida yake ni ndogo. Sasa mgonjwa wa Kinango akiandikiwa kuja Mombasa, akipitia Kwale anakutana na feri ya Likoni, akipitia Mariakani anakwama nyuma ya malori ya bandari. Na hapo gari limeshapatikana. Saa nane za usiku nani mwenye gari kijijini kwenu?

Kwa hiyo kifua kikimbana, maumivu yakishuka mkono wa kushoto au kupanda tayani, jasho baridi likamtoka, msiseme ni kiungulia, wala msianze kumchemshia majani. Mpe atafune aspirini ya miligramu 300, maadamu haimdhuru na hana vidonda vya tumbo, kisha hospitali moja kwa moja. Nenda kesho uulize ni hospitali gani iliyo karibu yenye mashine ya kupima umeme wa moyo, usije ukaulizia mgonjwa akiwa mgongoni. Mdomo ukienda upande au ulimi ukawa mzito, hicho huenda ni kiharusi: aspirini usimpe, hospitali mbio vile vile. Nyanya naye mwangalie, kwa sababu mwenye sukari anaweza kupatwa na mshtuko wa moyo asisikie maumivu kabisa, akakatika pumzi tu na kusikia kichefuchefu.

Mhudumu wa afya ya jamii wa hapo kwenu mtafute. Tangu 2023 serikali iliwagawia mikoba yenye mashine ya presha. Mwombe awapitie wazee wote wawili na aandike namba kwenye daftari. Na ile ng'onda, samaki mkavu wa chumvi, mwambie Nyanya ailoweke na kuyamwaga maji kabla ya kupika. Chumvi yake ni nyingi mno kwa mzee wa presha, na Babu najua hali sima bila hiyo.

Nipigie Ijumaa baada ya swala uniambie kipimo kimesoma ngapi, na ni dereva gani mmekubaliana naye wa usiku. Nauli yake nitaitoa mimi.

Mama yako