Marubani, mnawapitia tai karibu mno

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Mimi ni dereva wa watalii huku Serengeti na kuna kitu kinanikera kila msimu, hizi ndege ndogo zinazoshuka chini chini mchana kweupe ili wageni wapige picha za nyumbu. Juzi moja imepita juu kidogo tu ya mzoga, tai wala mizoga, yaani tumbusi, wakatawanyika kila upande, wageni wangu wanapiga makofi mi roho juu.

Ukiongea na watu wanakwambia eti tai anaruka juu sana, huku chini hamna shida. Kwenda juu anaweza kweli. Tarehe 29 Novemba 1973 tumbusi wa Rüppell, aina hiihii inayotaga kwenye majabali ya milima ya Gol hapa jirani, aliingia kwenye injini ya ndege ya abiria juu ya Abidjan kule Ivory Coast, futi 37,000! Injini ikaharibika, ndege ikatua salama. Ila kisa hicho kinatajwa mpaka leo kwa vile ni cha ajabu. Migongano mingi inatokea chini ya futi 3,000, ile ya New York 2009 iliyotua mtoni Hudson ilikutana na mabata bukini kwenye futi kama 2,800, na Bahir Dar kule Ethiopia 1988 walikuwa njiwa tu, njiwa jamani, ndege ndo inapaa, wakafa watu 35.

Sasa tai wetu anashinda wapi? Alfajiri maputo ya watalii yanaporuka yeye bado yuko juu ya mgunga kajikunyata, maana hapendi kupiga mabawa, anasubiri jua liipashe ardhi na hewa moto ianze kupanda. Saa tatu saa nne hivi ndo ananyanyuka, anazunguka palepale, manyoya ya ncha za bawa yameachana kama vidole, akishapata urefu anateleza kuifuata hewa moto nyingine. Miaka ya 70 mtafiti Colin Pennycuick aliwafuata hapahapa Serengeti kwa glaida yenye injini, kindege chepesi cha kuteleza hewani, anazunguka nao hukohuko angani. Akiwa anatafuta chakula tai hana haja ya mawingu, anakaa mita mia chache tu juu ya nyika, jicho moja chini jingine kwa wenzake. Mmoja akishuka jirani yake kamuona, na wa mbali naye kamuona huyo jirani, muda si mrefu wanaporomoka kutoka kila upande, miguu inaning'inia. Na hapo ndo rubani anapopitisha ndege mgeni apate picha!

Sheria ya kimataifa inataka angalau futi 500, kama mita 150, kutoka ardhini ukiwa nje ya miji. Sawa, anayeruka futi 600 hajavunja sheria hiyo, ila yuko katikati ya tai. Halafu tai akishtuka mara nyingi anakunja mabawa anadondoka, kwa hiyo aliyekuwa juu yako ndo anakuja kwako. Kioo cha mbele cha ndege kubwa za abiria kinatakiwa kuhimili ndege wa porini wa kilo 1.8, na hawa tumbusi wana kilo 5 mpaka 8, sasa hizi zetu za injini moja sijui tunategemea nini zaidi ya Mungu.

Najua rubani naye anasukumwa, mgeni kalipa hela nyingi na bosi anataka mgeni afurahi. Lakini kampuni ziwaambie wageni kabla hawajapanda kwamba kuanzia saa nne hakuna kushuka chini mpaka mnaenda kutua, picha za karibu watapiga wakiwa kwenye gari, ndo kazi yetu hiyo. Na sisi madereva tuache uchoyo wa taarifa, simba wakiangusha nyumbu karibu na kiwanja cha ndege tunaitana kwenye redio wenyewe kwa wenyewe ila hakuna anayewaambia askari wa hifadhi wala watu wa kiwanja, mzoga unabaki pale na ndege ya saa sita inakuja kutua. Waambiwe mapema, wauvute mbali au ndege isubiri kidogo.

Tumbusi wenyewe wanaisha kwa sumu zinazowekwa kwenye mizoga na wanataga yai moja tu kwa msimu, hata bila kuwaza abiria hiyo peke yake ingetosha.

Dereva wa utalii,
Mugumu, Serengeti