Barua kwa mpwa wangu wa Likoni: hiyo pikipiki usiioshe kwa maji ya kisima

Mpwa wangu,

Mamako kaniambia umenunua Honda CG125 kuukuu, na kwamba kuna fundi keshakwambia cheni ya taimingi, ile ya ndani ya injini inayoendesha valvu, imelegea, injini ifunguliwe yote. Usimpe hata shilingi. Injini hiyo, tangu Honda walipoitoa 1976, valvu zake, vile vizibo vya kuingiza hewa na kutoa moshi, husukumwa na vijiti. Cheni ya taimingi haina kabisa. Ule mlio wa tak-tak mara nyingi ni mwanya wa tapeti tu, ule upenyo mdogo juu ya valvu, na huo tunaurekebisha wenyewe uani. Nakuandikia hapa wazi kwa sababu wenye pikipiki za umri huo ni wengi Mombasa, na inaniuma kuona wanalipia injini nzima wakati adui yao ni chumvi.

Wewe unavuka feri asubuhi na jioni, na upepo wa kusi ukishika unakupiga ubavuni na rasharasha za bahari. Jioni pikipiki imechafuka, mtu anateka maji kisimani, anaiosha, anaiacha juani. Visima vyetu vingi unavijua: hata chai ukiipikia maji yake unaonja chumvi. Maji yakikauka, chumvi inabaki kwenye spoku, kwenye skrubu, kwenye maungio ya fremu. Pikipiki yangu ya kwanza niliiosha hivyo kila Ijumaa kwa miaka mitatu, kwa mapenzi, mpaka fremu ikatoboka chini ya kiti. Hadi leo naisikitikia.

Basi tumia maji ya mvua au ya mfereji. Ndoo moja yatosha. Ifute, iwashe dakika chache injini ipate joto na kukausha palipojificha maji, kisha ikipoa pitisha kitambaa chenye oili kidogo kwenye vyuma vilivyo wazi. Oili isifike kwenye tairi wala breki.

Cheni ya nyuma ndiyo nataka uishughulikie zaidi. Kama bado ina boksi lake la kuifunika, usiling'oe hata ukiambiwa halipendezi. Ndilo linalozuia mchanga na maji ya bahari. Cheni isafishe kwa mafuta taa na mswaki uliokwisha, si kwa petroli, na injini iwe imezimwa. Gurudumu lizungushe kwa mkono, maana cheni inayozungushwa na injini hukata vidole. Ikikauka, idondoshee oili nzito ya gia, namba 90, upande wa ndani, uiache usiku kucha ijipenyeze. Asubuhi futa iliyozidi. Ukiisukuma juu katikati, icheze kama sentimita 2. Ikikazwa kama uzi wa gitaa inakula beringi na sprokiti, yale magurudumu ya meno. Ukikaza, hakikisha alama za kushoto na kulia penye ekseli ya nyuma zimelingana, la sivyo gurudumu litakaa upande.

Taa zikififia, usikimbilie betri mpya. Tafuta waya wa athi, ule unaorudisha umeme kwa betri, ulipofungwa kwenye fremu. Kwa hapa petu utaukuta umeshika kutu ya kijani. Ufungue, piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza, paka vaselini. Kazi ya robo saa.

Sponji ya kichujio cha hewa ioshe kwa maji ya sabuni, ikauke, iloweke oili ya injini, uikamue vizuri.

Tapeti na breki niachie. Mwanya wa tapeti ni 0.08 mm, na kosa ambalo wengi hufanya ni kubana mpaka mlio uishe kabisa. Valvu isiyofunga sawasawa huungua. Jumapili navuka na feri ya alfajiri, nina vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya. Asubuhi hiyo pikipiki usiiwashe hata kidogo, hata kama mamako anakutuma dukani. Nataka niikute injini baridi.

Mjomba wako